Umeuliza tatu, zimejibu mbili

Juzi kijana amefika kwa dawati langu hapa maktaba, simu mkononi, anasema ametafuta ilani ya kupotea kwa hati ya shamba la marehemu babu yake huko Riruta, Nairobi, ameangalia Google, Yahoo na DuckDuckGo, zote hakuna kitu, kwa hivyo haikuwahi kuchapishwa. Nikamwambia hapana kijana yangu, hapo umeuliza wawili tu.

Hii kitu watu wengi hawaijui na inaniuma kwa sababu mtu anaacha kutafuta haki yake hivo hivo. Injini ya kutafuta haizunguki intaneti yote ukibonyeza, inaangalia faharasa yake, yani orodha ya kurasa ambazo roboti zake (programu za kusoma kurasa) zilishasoma na kuweka, na kuwa na faharasa yako mwenyewe ni gharama kubwa sana, ndo maana Yahoo na DuckDuckGo matokeo yao mengi yanatoka kwa Bing ya Microsoft. DuckDuckGo mi naipenda, haikufuatilii, ukiwa unauliza mambo ya ugonjwa itumie, lakini ukikosa kitu Bing usitegemee sana kukipata huko. Ukitaka jicho lingine kweli jaribu Brave Search, iko tangu 2021, ama Mojeek ya Uingereza, hizo zina roboti zao.

Kwa mambo ya Kenya bado naanza na Google, na sababu kubwa ni Google Books. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa, na hati ikipotea msajili wa ardhi lazima atangaze humo kabla hajatoa nyingine, sasa matoleo mengi ya zamani yameskaniwa yakawekwa huko Books na maandishi yake yanasomeka na mashine, kwa sababu ukurasa ukiwa picha tupu ni vigumu injini kuupata kwa maneno. Ya karibuni angalia saiti ya Kenya Law, andika site:kenyalaw.org halafu maneno yako, itafute ndani ya saiti hiyo tu.

Basi tukaingia Books. Yeye alikuwa anaandika "shamba la babu Riruta limepotea hati", nikamwambia hakuna karani aliandika hivo, andika vile ilivyo kwa hati, Dagoretti/Riruta na namba, weka ndani ya alama za kunukuu ili itafute hivo hivo ilivyo. Mara ya kwanza ikakataa, tukatoa Dagoretti tukabakisha Riruta na namba. Ikatokea, safu ya kulia, chini kabisa, jina la babu yake liko kwa herufi kubwa.