Mwenye pesimeka hana haja ya kuikimbia simu

Mtu akishawekewa pesimeka, kile kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua kusaidia mapigo ya moyo, ndugu humwekea marufuku: asishike simu, asiingie jikoni maikrowevu ikiwaka, asikae karibu na televisheni. Ni upendo, lakini wanamnyima maisha bila sababu.

Hofu hii ina chanzo. Pesimeka za zamani, za miaka ya 1960, hazikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya mawimbi ya umeme. Za leo zimo ndani ya ganda la titani, na zina vichujio vya kuzuia mawimbi hayo. Televisheni, redio, pasi na maikrowevu isiyo na hitilafu haviwi tatizo. Simu nayo atumie, mradi iwe sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa: asiiweke mfuko wa shati, na aongee kwa sikio la upande wa pili.

Kinachonitia wasiwasi ni sumaku, ambayo wengi hawaifikirii kabisa. Ikisogea karibu mno, pesimeka nyingi huanza kupiga kwa kasi moja bila kusikiliza moyo wenyewe. Kwa wenye difibrileta, kifaa cha kupandikizwa kinachoushtua moyo kwa umeme ukipiga vibaya, ni hatari zaidi, kwani sumaku inaweza kusitisha uwezo wa kuushtua moyo wakati wa dharura. Na sumaku zimejaa: kwenye spika, visikizi vya masikioni, makava ya simu, hata simu zenyewe. Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mashine yake nayo hutoa nguvu za sumaku, tafadhali, azungumze na daktari wake kabla ya kurudi kazini.