Fedha za Michezo Shuleni Si za Timu Pekee
Wazazi wengi wa Kisumu na Nakuru huamini kwamba fedha za michezo katika shule ya msingi ni za jezi na nauli ya timu. Imani hiyo inaeleweka, kwani mashindano ndiyo yanayoonekana. Hata hivyo, nchini Uingereza, ambako fungu maalumu la fedha za michezo kwa shule za msingi lilianza mwaka 2013 na kuongezwa maradufu mwaka 2017 hadi pauni 16,000 pamoja na pauni 10 kwa kila mwanafunzi kwa shule nyingi, sharti limekuwa kuboresha elimu ya viungo kwa namna itakayodumu na kutangaza matumizi kwenye tovuti ya shule. Hapa Kenya, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mzazi na aanze na ratiba ya vipindi, aone kama elimu ya viungo imo, kisha aiulize bodi ya shule fedha za michezo zimetumikaje.