Malii: mkaratusi ambao ni kichaka

Mtu aliyezoea mikaratusi ya Mufindi, Njombe au Kericho anaujua mmea huu kuwa ni mti mrefu, unaopandwa kwa mistari, unaokatwa kwa ajili ya nguzo za umeme, mirunda na kuni, na unaolaumiwa kila mahali kwa kunywa maji mengi. Ni vigumu kwake kuamini kwamba upo mkaratusi ambao ni kichaka, na kwamba mimea yake yote inayojulikana porini haifiki kumi. Hata hivyo upo, na ili kuuelewa ni lazima kwanza tulielewe neno malii.

Jamii ya mikaratusi ina aina zaidi ya 700, na karibu zote asili yake ni Australia. Nyingi kati yake hazina shina moja. Hutoa mashina mengi membamba kutoka ardhini, yakisimama pamoja kama fimbo zilizochomekwa mahali pamoja, na kwa kawaida hayafiki mita kumi kwenda juu. Umbo hilo la ukuaji ndilo linaloitwa malii, neno lililotokana na lugha za wenyeji wa asili wa Victoria, kusini mashariki mwa Australia. Kwa hiyo malii si jina la aina moja ya mmea, bali ni jina la namna ya kuota.

Siri ya umbo hilo imo ardhini. Mche ungali mchanga, huanza kufanya uvimbe mgumu pale shina linapokutana na mzizi, kwenye makwapa ya majani yake ya kwanza kabisa. Uvimbe huo, ambao wataalamu huuita lignotyuba, hukua mwaka hadi mwaka, ukihifadhi wanga na kubeba vichipukizi vingi vilivyolala. Moto ukipita na kuteketeza kila kitu kilicho juu ya ardhi, vichipukizi hivyo huamka na kutoa mashina mapya. Yeyote aliyekata mkaratusi shambani, kisha akaona kisiki kikizungukwa na machipukizi baada ya mvua, ameuona uwezo unaokaribiana na huo. Katika karne ya 19, wakulima wa Australia Kusini waliofyeka malii ili walime ngano waliteswa sana na visiki vyake, hata mwaka 1876 Richard Bowyer Smith akabuni plau ambayo jembe lake huinuka lenyewe linapogonga kisiki, likapita juu yake na kushuka tena upande wa pili.

Sasa tuje kwa kichaka chenyewe. Malii ya Mongarlowe, ambayo kwa jina la kisayansi ni Eucalyptus recurva, inaota kwenye nyanda za juu za kusini mwa jimbo la New South Wales. Ilielezwa rasmi na mtaalamu wa mimea Michael Crisp mwaka 1988. Majani yake ni madogo, ya kijani kinachong'aa, yenye urefu wa sentimita chache tu, na ncha zake zimejikunja kurudi nyuma; ndiyo maana ya neno la Kilatini recurva. Hukaa mawili mawili yakitazamana, jambo ambalo mikaratusi mingi huwa nalo utotoni na kuliacha ikikomaa, ilhali huyu halibadilishi hata akiwa mzee. Na uzee wake ni wa kushangaza: kwa kutazama upana wa lignotyuba, wataalamu wanakadiria kwamba baadhi ya mimea hiyo imeishi maelfu ya miaka.

Makazi yake ya asili ni vichaka vifupi kwenye udongo duni wa kina kifupi, mahali ambapo majira ya baridi huja na jalidi kali. Hapo ndipo dhana ya makazi ya asili inapohitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu watu wengi huidhani kuwa ni ardhi na hali ya hewa peke yake. Makazi ya mmea ni pamoja na moto unaopita kwa vipindi, wadudu wanaobeba chavua, na zaidi ya yote, mimea mingine ya aina yake iliyo karibu. Mikaratusi kwa kawaida hupata mbegu bora pale ua linapopokea chavua ya mmea mwingine, si yake yenyewe. Malii ya Mongarlowe ina udongo wake na baridi yake, lakini mimea michache iliyobaki imetengana kwa kilomita kadhaa, umbali ambao mdudu hauvuki kwa urahisi. Inachanua, ila mbegu zinazoweza kuota ni chache mno, na baadhi ya hizo hutokana na chavua ya mikaratusi ya aina nyingine.

Kwa maoni yangu, hili ndilo linaloufanya mmea huu ustahili kuhangaikiwa zaidi: lignotyuba inaweza kuuhifadhi mmea mmoja kwa muda mrefu ajabu, lakini haiwezi kuuzalia mwenzake. Kuzalisha miche kwa tawi nako hakutoshi, maana kila mche utakuwa nakala ya mmea uleule. Kwa sababu hiyo wahifadhi wameamua kufanya kazi ya mdudu kwa mikono yao, wakichukua chavua ya mmea mmoja na kuipeleka kwenye ua la mwingine ulio kilomita nyingi kutoka hapo.