Nyutrino: chembe isiyozuiliwa kirahisi

Kila sekunde, nyutrino takriban bilioni 60 kutoka kwenye jua hupenya ukucha wako mmoja. Usiku pia zinapita, kwa kuwa hata dunia nzima haizizuii.

Nyutrino ni chembe ya msingi isiyo na chaji ya umeme. Tungamo lake ni dogo mno, na kwa miaka mingi wanafizikia walidhani halina kabisa. Mwaka 1998 kituo cha Super-Kamiokande, Japani, kilionyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, jambo lisilowezekana bila tungamo.

Kinachofanya iwe ngumu kunaswa ndicho kinachoipa thamani. Protoni, chembe zenye chaji, zinazotoka mbali hupindishwa na nguvu za sumaku za angani, na nuru humezwa na mavumbi. Nyutrino huja moja kwa moja kutoka ilikozaliwa, hata katikati ya nyota inayokufa. Februari 1987 nyota ilipolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, vifaa vya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovieti vilinasa nyutrino 25 hivi, saa kadhaa kabla ya mlipuko wenyewe kuonekana. Si kwamba zilikimbia kuliko nuru. Zilichomoka kiini kilipoporomoka, ilhali wimbi la mlipuko lilichukua saa kadhaa kufika kwenye uso wa nyota. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote wa kazi ya chembe hii.

Hunaswaje? Mara chache sana, nyutrino hugonga kiini cha atomu na kuzaa chembe yenye chaji, kama muoni. Muoni huyo akipita ndani ya barafu au maji kwa kasi kuliko nuru inavyopita humo, huacha mwanga hafifu wa buluu. IceCube, kituo cha kunasa nyutrino katika Ncha ya Kusini, ina vihisi 5,160 ndani ya kilomita moja ya ujazo ya barafu; tofauti ndogo za wakati mwanga unapofika kwenye kila kihisi huonyesha nyutrino ilitoka upande gani.

Tarehe 13 Februari 2023, KM3NeT, kituo kingine kilicho chini ya Bahari ya Mediterania karibu na Sisilia, ilinasa nyutrino yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Nishati yake inakadiriwa kuwa mara 30,000 hivi ya protoni moja ndani ya LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe iliyoko Ulaya, na chanzo chake hakijajulikana. Siku hiyo nyaya za vihisi zilizokuwa zikifanya kazi baharini zilikuwa 21 tu, kati ya 230 zilizopangwa.