Pilipili haiunguzi ulimi

Jioni pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, muuza mihogo akishapaka pilipili na ndimu, utasikia: "Hii ladha yake inaunguza!" Si ladha, wala hakuna kinachoungua. Ladha ni utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ya mchuzi wa nyama iitwayo umami. Pilipili haimo.

Kilichomo ndani ya pilipili ni kapsaisini. Kemikali hii hunasa kwenye kipokezi cha neva, TRPV1, ambacho kwa kawaida huamshwa na joto la takriban nyuzi 43 kwenda juu. Kikiamshwa, kwa moto au kwa pilipili, habari inayofika ubongoni ni ileile: moto! Ubongo umefungiwa gizani ndani ya fuvu. Hauna ila habari za neva, basi unaziamini na kukutoa jasho. Hili hunishangaza kila ninapokula. Mwanasayansi David Julius alikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 akawa miongoni mwa washindi wawili wa Nobeli ya tiba.

Nanaa hufanya vivyo hivyo upande wa baridi.

Ukizidiwa, acha maji. Kapsaisini haiyeyuki vyema majini, kunywa maziwa.