Kampuni ya uhasibu: dhima yenye ukomo inamlinda nani?

Mhasibu anayejitegemea Kigoma mjini mara nyingi huanza kwa jina lake mwenyewe: chumba kimoja Mwanga, kompyuta, na wateja wa dagaa, mawese na mizigo inayovuka ziwa kwenda Kongo. Kazi ikikua, anaanza kusikia ushauri uleule kila upande: fungua kampuni, ukishtakiwa hawataigusa nyumba yako. Si uongo. Ila ni kweli zaidi kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi kuliko kwa mtu anayeishi kwa saini yake.

Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2002 ni mtu mbele ya sheria. Ina mali yake na madeni yake, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mwenye hisa hasara yake inaishia kwenye thamani ya hisa alizochukua, na hapo ndipo penye huo ukomo wa dhima, yaani wa wajibu wa kulipa madeni. Shauri linalotajwa siku zote ni la Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni huku karibu hisa zote zikiwa zake. Kampuni ilipofilisika, ilidaiwa kwamba alipe yeye. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa: kampuni ni mwingine, Salomon ni mwingine. Sheria zetu zilipokea kanuni za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo na hiyo ikaja nazo.

Kwa hiyo pango la ofisi na deni la samani ni vya kampuni. Na ukilinganisha na ubia wa kawaida, nafuu ni kubwa: kule mwenzako akiharibu kazi ya mteja wa Kasulu, nyumba yako ya Ujiji nayo imo hatarini.

Shida inaanza pale aliyeharibu ni wewe. Tuseme mfanyabiashara wa mawese anataka mkopo. Mhasibu anamwandalia hesabu za mwaka, anaandika akiba ya madumu 900 yaliyoko stoo Kibirizi, na stoo yenyewe hajaikanyaga. Kaambiwa kwa simu. Anajua hesabu zinakwenda benki. Benki inakopesha, madumu hayapo, mkopaji hapatikani. Kampuni ya uhasibu inashtakiwa, na mali yake ni meza mbili na printa. Wakili wa benki atageuka kumtazama aliyetia saini.

Je, atampata? Uingereza yako mashauri mawili yanayovuta pande tofauti. Mwaka 1998, mkurugenzi wa kampuni iliyotoa makadirio mabovu ya biashara alinusurika, kwa sababu wateja hawakushughulika naye kiasi cha kusema alijifunga kwao yeye binafsi. Mwaka 2001, katika shauri la Merrett na Babb, mthamini wa nyumba, Babb, aliyekuwa mwajiriwa tu, alilipishwa fidia mwenyewe. Mwajiri wake alikuwa amefilisika, bima ya ofisi imesitishwa, na ripoti ilikuwa na saini yake. Maamuzi haya hayazifungi mahakama zetu, lakini mawakili huyapeleka na majaji huyasikiliza.

Kwa maoni yangu, mhasibu wa mji kama Kigoma yuko karibu zaidi na Babb. Hapa hakuna anayesema "napeleka vitabu kampuni fulani". Anasema napeleka kwa dada fulani, kwa mzee fulani, na simu anapiga kwenye namba yako. Ni vigumu baadaye kusimama kizimbani na kudai kwamba mteja hakukutegemea wewe.

Upande wa taaluma, pazia la kampuni, yaani kule kujificha nyuma ya jina lake, halipo kabisa. Mhasibu anasajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, yeye, kwa jina lake, chini ya sheria ya mwaka 1972, na nidhamu inamfuata yeye. Cheti cha BRELA hakimpi mtu ruhusa ya kukagua hesabu. Jinai nayo ni hivyohivyo: anayesaidia kupeleka TRA ritani ya uongo anashtakiwa mwenyewe. Wahasibu pia wamo kati ya wanaotakiwa kutoa taarifa za miamala yenye shaka chini ya Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya 2006, na mji wa mpakani wenye biashara ya fedha taslimu hauruhusu kulichukulia hilo kama karatasi ya kujaza tu.

Kuna na milango ambayo mhasibu anaifungua kwa mkono wake. Benki ikikopesha kampuni ndogo, kwa kawaida inadai dhamana binafsi ya mkurugenzi. Akishaisaini, kwa mkopo ule ukomo umekwisha. Kampuni isipolipa kodi yake kwa wakati, sheria inaruhusu msimamizi wake naye adaiwe. Halafu kuna tabia ya kuchanganya fedha: mteja analipa kwenye simu ya mkurugenzi, ada ya mtoto inatoka akaunti ya kampuni, hakuna muhtasari wala hati. Mbaya kuliko yote ni kupokea kwenye simu yako fedha ya kodi ya mteja ili "umlipie". Mpe namba ya kumbukumbu ya malipo, alipe mwenyewe.

Kinga halisi iko kwenye karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba wa kazi unaotaja kampuni kama mtoa huduma, unaosema hesabu ni kwa matumizi ya nani, na nini hukukikagua. Ya pili ni bima ya dhima ya kitaaluma inayomtaja mhasibu mwenyewe pamoja na kampuni, na inayoendelea kwa miaka kadhaa baada ya ofisi kufungwa, kwa sababu madai mengi huja wakati vitabu vimeshawekwa stoo. Babb aliikosa hiyo ya pili.