Chukua kadi moja juu

Mwanzoni mwa 2024, sentensi moja ya maneno manne ilininyima usingizi kwa wiki tatu: "Chukua kadi moja juu." Nilipoiandika nilimaanisha kadi iliyo juu ya fungu. Marafiki zangu waliielewa hivyo hivyo, nami nikaridhika. Kisha nikaipeleka karatasi ya kanuni za mchezo wangu wa mezani kwa waendesha boda wanne wa steji moja ya Umoja, mtaa wa hapa Nairobi, saa nane mchana, abiria wanapopungua. Wao waliisoma kama mtu anayeambiwa "weka hamsini juu", yaani ongeza moja zaidi ya ile uliyokwisha kuchukua. Kila zamu wakawa wanachukua mbili. Fungu likaisha mchezo haujafika hata katikati, na mmoja wao akanigeukia: "Madam, ndiyo umeisha hivyo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimewaambia mapema kwamba nitakaa kimya hadi mwisho. Nikaandika neno moja kwenye daftari: juu. Hawakuwa wamekosea. Kiswahili cha Nairobi kinazikubali maana zote mbili, na aliyekosea ni aliyeandika.

Mimi hubuni michezo ya mezani: kadi, ubao, vipande vya kusogeza, na karatasi ya kanuni. Nikijitambulisha hivyo, wengi hudhani natengeneza michezo ya simu. Nikifafanua, husema, "Kama drafti?" Ndiyo, kama drafti, ile inayochezwa kwa vizibo vya soda kila mahali penye kivuli katika mji huu. Kazi yangu inatoka huko huko. Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Waluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, na pwani kuna bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo mimi nalihesabu kuwa shule yangu ya kwanza.

Tazama linavyoanza. Kila mchezaji anaweka kete 10 tu ubaoni na kubaki na 22 mkononi. Katika awamu ya namua anaingiza kete moja moja, kwa hiyo mgeni ana muda wa kujifunza ubao huku vita tayari vimeanza. Kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia awamu ya mtaji, na mchezo unabadilika kasi. Halafu kuna nyumba, shimo moja maalumu la kila mchezaji: ukiwa unakula katika namua na kete yako ya mwisho ikaangukia nyumba yako, unachagua kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzizoa kete zake na kuendelea. Hapo ndipo roho ya mchezo ilipo. Mtu anashika kete hewani, watazamaji wote wananyamaza. Ningefurahi sana kubuni hata kanuni moja yenye nguvu kama hiyo kabla sijafa.

Shule yangu ya pili ni kadi, ile ya kwetu mtaani, ya kupiga "Niko kadi!" unapokaribia kumaliza. Ile kelele ni ubunifu mkubwa. Inawapa wengine nafasi ya kukuzuia, na inamlazimu anayeongoza kujitangaza mwenyewe. Hakuna anayejua nani aliitunga. Imenyooshwa na vinywa vya watu wengi, na ndiyo maana kabla ya kugawa lazima mkubaliane: hapa kwenu Joker ni ngapi, mtu anaweza kumalizia na swali, ile kadi inayodai jibu, ama hapana. Kanuni za kadi zinaishi kwa mazungumzo. Mimi sina bahati hiyo. Mchezo wangu utafunguliwa na familia nisiyoijua, sebuleni nisikokuwepo, na maelezo yote watakayopata ni karatasi ile.

Mchezo wenyewe niliouandikia sentensi ile unaitwa Mtumba. Ulizaliwa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, alfajiri moja, nikiwa nimesimama nyuma ya wanawake waliokuwa wakingoja mzigo ufunguliwe. Mtumba umefungwa kwa kamba za plastiki, umelipiwa, na hakuna anayejua kilichomo. Zikikatwa kamba, kila mkono unakimbilia kamera, zile nguo za daraja la kwanza. Nilirudi nyumbani nikakata kadi za karatasi ngumu kabla sijavua viatu.

Mchezo una kadi 54. Idadi hiyo haikutoka mbinguni. Ni idadi inayokaa vizuri kwenye bango moja la uchapaji. Kadi zinachanganywa na kupangwa kuwa mitumba 6 ya kadi 9 kila mmoja, kifudifudi. Kila mchezaji anaficha sarafu kwenye ngumi, wote wanafungua pamoja, na aliyeweka nyingi ndiye anayekata kamba. Katika kadi zote, 12 ni kamera. Kwa wastani kila mtumba una 2, lakini wastani ni jambo moja na mtumba ulio mbele yako ni jambo lingine. Ukipiga hesabu, uwezekano wa mtumba kutokuwa na kamera hata moja ni kama asilimia 8. Mitumba ni 6 kwa mchezo, kwa hiyo jambo hilo litatokea takriban mara moja katika kila michezo miwili. Mfanyabiashara mmoja aliyekubali kucheza nami juu ya meza yake ya sweta aliliona likimtokea. Sikumweleza chochote. Alizitazama zile kadi, akacheka kidogo, akasema, "Ni hivyo tu, mwanangu. Kuna siku unafungua hasara."

Tatizo ni kwamba aliyefungua hasara mapema alikuwa amekwisha. Sarafu hana, nguo hana, na bado kuna nusu saa ya kukaa pale akitazama wenzake. Niliona watu watatu kwa nyakati tofauti wakitoa simu baada ya hasara. Simu mkononi ni alama ninayoiandika haraka kuliko zote, kwa sababu mtu anaweza kukuambia mchezo ni mzuri huku kidole chake kikisema vingine. Nilijaribu kupunguza hasara kwenye kadi, mchezo ukapooza. Nikajaribu kumpa aliyepoteza sarafu kutoka benki, ikaonekana kama sadaka. Toleo la 19 ndilo lililoleta chama, kama kile cha watu wanaochangiana pesa. Mwanzoni kila mchezaji anaweka sarafu moja katikati ya meza, na kila mtumba unapofunguliwa anaongeza moja. Anayefungua mtumba usio na kamera anabeba chama chote. Tangu siku hiyo sijaona simu. Watu wanampigia makofi aliyepata hasara!

Watu wengi wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza jinsi ya kupata wazo. Wazo ni siku moja. Yaliyobaki ni majaribio, na yana hatua zake. Kwanza nacheza peke yangu, mikono minne, hadi nijue hesabu haivunjiki. Halafu marafiki, ambao watakudanganya kwa upendo. Halafu watu nisiowajua, nikiwaeleza kwa mdomo. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu: watu nisiowajua, karatasi ya kanuni, na mimi nimekaa pembeni bila kusema neno. Wakikosea siwarekebishi. Wakinitazama natazama daftari. Naandika mahali walipousoma mstari mara mbili, mara ngapi mtu ameuliza "zamu ya nani?", na kama kuna aliyekusanya kadi mwishoni na kuanza kuzichanganya bila kuombwa. Hilo la mwisho likitokea narudi nyumbani kwa miguu na sihisi umbali.

Kuandika kanuni kwa Kiswahili kumenifundisha lugha yangu upya. "Unaweza" peke yake ni mtego, maana wengine huisoma kama ruhusa na wengine kama uwezo. Sasa naandika "ukipenda" au "lazima", basi. Naandika "kula kete", siandiki "kuchukua kete", kwa sababu kila mcheza drafti wa nchi hii anajua kula ni nini. Sarafu za mchezo niliziita mtaji, hadi mzee mmoja aliyezaliwa Lamu akauliza kwa upole, "Mtaji wa bao ama wa duka?" Nikazirudisha kuwa sarafu. Na ile sentensi ya kwanza sasa inasomeka: "Chukua kadi ya kwanza ya fungu." Ni ndefu kidogo, na haina juu ndani yake.

Uchapaji nitaupitia upesi, maana kila mtu River Road, barabara ya wachapaji hapa Nairobi, ana ushauri wake. Kadi ya karata ya kawaida ni milimita 63 kwa 88. Acha milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia. Usiweke fremu mgongoni mwa kadi. Hilo nililijua kwa gharama: mahali fulani walinikatia nakala 40 kukiwa na mteremko mdogo, fremu ikawa nene upande mmoja, na baada ya mchezo mmoja kila mtu aliweza kuitambua kamera ikiwa bado kifudifudi. Nakala zote 40 hazikufaa kitu. Sasa migongo yangu ni mchoro wa kamba unaojirudia hadi ukingoni, na mkasi ukiteleza hakuna atakayejua.

Kwa nini basi nasafiri kwenda matamasha? Kwa sababu hakuna mahali pengine nitapata wageni mia kwa siku moja. NAICCON, tamasha la vibonzo la hapa Nairobi, ndilo lililonipa meza ya kwanza. Watu walikuja kwa ajili ya mavazi ya wahusika wa katuni, wakachoka kusimama, wakakaa kwangu. Mchezaji aliyekaa kwa sababu ya uchovu ni mwalimu mzuri kuliko aliyekuja kukusifu. Nigeria wana AB Con, ambayo ni ya michezo ya mezani hasa, na natamani sana kufika huko.

Oktoba 2024 nilikwenda Essen, Ujerumani, kwenye SPIEL, tamasha la michezo ya mezani lililoanza 1983. Viza peke yake ni euro 90, na karatasi za benki, na barua, na kungoja. Nilibeba nakala tatu za Mtumba na jozi moja tu ya viatu. Treni ya U11 ilikuwa imejaa watu wenye mabegi matupu makubwa, na nilielewa sababu yake jioni, nilipowaona wakirudi yamejaa. Mwaka huo walipita watu zaidi ya 200,000 kwa siku nne. Niliona mabibi na wajukuu wao wamekaa sakafuni kati ya kumbi, wamefungua mchezo walioununua dakika kumi zilizopita, mmoja akisoma kanuni kwa sauti na wengine wakimsikiliza. Nilisimama pale kwa muda mrefu.

Nilichokwenda kukitafuta ni miadi na wachapishaji. Unaandika mapema, unapewa dakika 20 au 30, unakuja na sampuli na ukurasa mmoja unaoeleza mchezo: wachezaji wangapi, dakika ngapi, umri gani, na kipya ni kipi. Wenzangu wa nyumbani huogopa kuibiwa. Sheria ya hakimiliki inalinda maneno uliyoandika na michoro, wala hailindi wazo la kanuni, kwa hiyo sajili maandishi yako KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kisha toka nje ukaoneshe kazi. Mchezo usiooneshwa haujaribiwi.

Kule majina ya wabunifu yako kwenye sanduku, mbele, kama jina la mwandishi kwenye kitabu. Halikuwa jambo la bure. Mwaka 1988, kwenye maonyesho ya Nuremberg, wabunifu 13 walitia sahihi kwenye kikalio cha glasi ya bia kwamba hawatampa mchezo mchapishaji asiyeandika jina la mbunifu kwenye sanduku. Na Lizzie Magie, mwanamke wa Marekani aliyepata hataza ya mchezo wake wa wenye nyumba mwaka 1904, alilipwa dola 500 tu mwaka 1935, huku mchezo uliotokana na wake, Monopoly, ukiuzwa duniani kote kwa jina la mtu mwingine. Namfikiria mara nyingi.

Pesa zenyewe ni hizi. Tuseme mchapishaji anauzia maduka kwa euro 10 na mkataba wako ni asilimia 6. Unapata senti 60 kwa nakala. Nakala 3,000 zikiisha, ni euro 1,800, kwa kazi ya miaka miwili. Kodi yangu ya nyumba hulipwa na michezo ya kufundishia ninayotengenezea mashirika, na sioni aibu, kazi hiyo nayo inahitaji majaribio yale yale.

Mhariri mmoja alicheza Mtumba hadi mwisho, dakika zetu zikapita, akaomba ziongezwe. Mwanzoni alishauri tubadilishe mandhari iwe bandari ya zamani ya Ulaya, kwa kuwa wanunuzi wake hawajui mitumba. Nilimwambia kwamba wanaijua, ila wanaijua kutoka upande ule mwingine: nguo nyingi za Gikomba zimevaliwa kwao. Akaishika ile kadi ya sweta. Akasema mtaani kwake, karibu na duka la mikate, kuna sanduku la chuma ambamo huwa anatumbukiza nguo za wanawe zikiwabana. Hakuitaja bandari tena. Alibaki na nakala moja.

Barua yake imefika baada ya miezi kadhaa. Hakuna mkataba bado. Amewajaribisha watu wake kwa tafsiri niliyompa, hesabu wameipenda, mnada wa ngumi wameupenda, lakini kuna kanuni moja ambayo kila kundi lilisimama na kuuliza: kwa nini wote tumchangie mtu aliyenunua vibaya?

Umoja hakuna hata mmoja aliyewahi kuliuliza hilo. Wala Gikomba, wala NAICCON. Tangu toleo la 19 chama kina mstari mmoja, kwa sababu ulitosha. Sasa naandika aya yake, na nimeifuta mara nne. Ikielezwa sana inakuwa somo la maisha ya Waafrika; ikielezwa kidogo inabaki kuwa kanuni isiyo na sababu. Jumamosi nitaipeleka kwa watu wangu wa boda, waisome nikiwa kimya, nione kama wataitambua.